Historia ya Bwana Harusi na Kopo la Dawa Zilizobaki

Ndugu zangu, majirani, wafanyakazi wenzake wa hospitali, nanyi nyote mliokatisha shughuli zenu ili mje kutushika mkono, mimi niliyesimama hapa ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, kwa hiyo sauti itafika hadi kule nyuma bila kipaza sauti, na familia imenipa dakika kumi tu, jambo ambalo wanaonijua wanajua ni mtihani. Majina yake kamili mnayo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni, sitayarudia, nitamwita Kaka kama nilivyomwita siku zote, au Bwana Harusi kama mlivyozoea ninyi.

Kabla sijafika mbali niseme jambo moja. Historia hii ilipitiwa na kikao cha familia Jumamosi jioni, na aya moja ikafutwa kwa kalamu nyekundu, juu yake pakaandikwa kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtoto mwenye adabu. Leo nitaisoma aya ile kama ilivyokuwa, kwanza kwa sababu Kaka mwenyewe aliniagiza, na pili kwa sababu humu ndani yupo mtu ambaye tangu Alhamisi hajatia chochote cha maana tumboni, akiamini kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yake. Baba mdogo, usinikonyeze, miwani ninayo na ninakuona vizuri.

Kaka alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, nyumbani kwa bibi yetu mzaa mama, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano, na mama alikuwa akisimulia kwamba alitoka kimya, akakitazama chumba kizima kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwingine, ndipo akalia. Alianza shule ya msingi Januari 1968 akamaliza Novemba 1974, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1978, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, alikuwa yule mwanafunzi wa katikati ambaye mwalimu humkumbuka kwa sababu madaftari yake yamejaladiwa vizuri. Januari 1979 aliingia chuo cha ufundi kusomea ushonaji, mwanamume peke yake kati ya wasichana kumi na tisa, na baba yetu akanuna mwezi mzima, hata salamu ikawa ya kuvutana, mpaka siku Kaka aliporudi na suruali aliyomshonea, suruali ya kwanza katika maisha ya baba iliyomkaa kiunoni bila mkanda, na kuanzia siku hiyo baba akawa anawaambia watu kwamba wazo la kumpeleka mtoto ushonaji lilikuwa lake.

Ugonjwa wa ngozi ulimwanza hukohuko chuoni, Juni 1980, akiwa na miaka kumi na tisa, kwanza kwenye viwiko, halafu magotini, halafu kichwani nyuma ya masikio, mabaka mekundu yenye magamba meupe yaliyokuwa yakidondoka kwenye mashine yake, naye anayapuliza haraka kabla msichana wa mashine ya pili hajaona. Kila mtu alikuwa daktari wake, huyu akisema ni mba, yule ni fangasi, mwingine amerogwa kwa sababu ya ile suruali ya baba, akapakwa kiberiti, akapakwa mafuta machafu ya gari, akanyimwa mayai mwaka mzima, na hakuna kilichosaidia hata kidogo. Hapo ndipo alipoanza kuvaa mashati ya mikono mirefu, yamefungwa vifungo hadi kwenye kifundo cha mkono, jua liwe kali namna gani, na watu wasiojua sababu wakamwona mtanashati, wakambandika jina la Bwana Harusi, naye akalipokea kwa sababu lilikuwa afadhali kuliko majina ambayo angeweza kupewa.

Tarehe 9 Agosti 1983 daktari wa ngozi alimtazama kwa dakika tatu akautaja ugonjwa wenyewe, soriasisi, akatueleza kwamba hauambukizi kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja wala kula sahani moja, kwamba ni mwili unaojikosea, unatengeneza ngozi mpya kwa siku chache wakati sisi wengine tunatumia mwezi, ngozi inarundikana, inakuwa magamba, inapasuka, na kwamba dawa za kuutuliza zipo ila ya kuumaliza hakuna. Naomba mlisikie hilo kutoka kwangu, kwa kuwa wapo waliokwepa kumpa Kaka mkono kwa miaka arobaini, wengine wako hapa na nawaona wanatazama viatu vyao, siwalaumu, hata mimi dada yake niliwahi kumtengea kikombe chake, na aliona, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa upande wa kazi, aliajiriwa hospitali Jumatano tarehe 2 Juni 1982, kwenye chumba cha cherehani, akakaa humo karibu miaka thelathini na tisa hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2021, akishona mapazia ya wodi, magauni ya chumba cha upasuaji na nguo za wagonjwa, lakini kazi aliyojulikana nayo ni ya kugeuza shuka. Shuka la hospitali huchakaa katikati, pale mgonjwa anapolala, kingo zikiwa bado nzima, basi Kaka alikuwa analichana kwa urefu, anazigeuza kingo zinakuwa katikati, anaunganisha, na mshono ule alikuwa anaulaza kwa ukucha wa dole gumba, inchi kwa inchi, ili mgonjwa asiusikie mgongoni. Wenzake walimwambia anajisumbua, hakuna mgonjwa atakayekuja kumshukuru kwa mshono, naye akawajibu kwamba mtu anayelala na ngozi inayouma anajua kila uzi uliopo kitandani.

Mke wake, yaani wifi yangu, alikuwa karani wa masjala, anatunza mafaili ya wagonjwa, na alikuwa na kiti kilichopasuka ambacho alikipeleka kushonwa mara tatu kwa wiki mbili, sote tukajua shida yake si kiti. Kaka alikuwa mwoga, akazungukazunguka miezi saba, hadi siku moja alipopiga moyo konde, akafunga mlango wa chumba cha cherehani, akafungua vifungo vya mikono, akakunja shati hadi juu ya viwiko, akamwonyesha, akamwambia kwamba kama anataka kuondoka aondoke sasa, asije akaondoka baadaye. Wifi alimshika mkono, akaugeuza, akauliza kama inauma. Kaka alinihadithia mwenyewe kwamba katika miaka minane hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo, wote waliuliza kama inaambukiza. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1988, na siku hiyo ndiyo pekee ambayo jina lake la utani lilikuwa la kweli, na walidumu miaka thelathini na sita bila kelele za kusikika kwa jirani, isipokuwa wakati wa kucheza karata, maana wifi anaiba.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni mwana wao fundi umeme, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1990, wa pili ni binti yao mpima ardhi, aliyezaliwa tarehe 21 Julai 1993, na kitinda mimba, muuza vifaa vya shule, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1997, na wajukuu wanne ambao walikuwa wakiyaita mabaka ya babu yao ramani, wakiyafuata kwa kidole kutoka kiwikoni hadi begani, naye anacheka kwa sababu yanamtekenya.

Sasa nifike kwenye kopo, na hapa sitamsingizia mtu, kopo lilikuwa langu. Aprili 1996 niliugua koo, nikaandikiwa dawa za kuua bakteria za siku saba, siku ya tatu nikapona, nikabaki na vidonge vingi, nikaona ni dhambi kutupa dawa nzima wakati kuna watu wanazikosa. Nikachukua kopo la biskuti, nikaliweka juu ya kabati nyumbani kwa Kaka kwa kuwa kwake ni njiani kwa wote, nikatangaza kwamba kila mmoja wetu atakayepona alete kilichobaki, na kwa ualimu wangu nikatengeneza bahasha, nikaziandika kwa herufi kubwa, KOO, JINO, KIDONDA, TUMBO. Mnaliona kosa langu? Nilipanga dawa kwa jina la sehemu iliyokuwa inauma, sikupanga kwa jina la dawa, kwa hiyo dawa ileile ilikuwa kwenye bahasha tatu, na bahasha moja ilikuwa na dawa za aina tano, nyingine zimepitwa na wakati kabla mpwa wangu mdogo hajaota meno. Miaka ishirini na minane tulichangia kopo lile, tukajiona familia yenye upendo, na upendo ulikuwepo kwelikweli, ndiyo maana inauma kulisema.

Aliyelitumia zaidi alikuwa Kaka, kwa sababu ngozi yake ilikuwa ikipasuka, kwenye visigino na miundi hasa, na penye mpasuko bakteria wanaingia, wale ambao kila mmoja wetu anao juu ya ngozi bila kumdhuru. Panapotoka majimaji alimeza viwili leo na viwili kesho, au alifungua kidonge cha rangi mbili akanyunyiza unga wake juu ya kidonda, pakakauka, akaacha, akarudi kazini. Ilitokea hivyo mwaka 2009, ikatokea 2014, ikatokea 2017, mwaka 2021 alipostaafu ilichukua wiki tatu kukauka, mwaka 2023 ilichukua miezi miwili, nasi tukasema ni uzee, ngozi imechoka.

Hii ndiyo aya iliyofutwa. Jumapili tarehe 29 Desemba 2024 mguu wake wa kushoto ulivimba chini ya goti, penye baka la zamani lililopasuka, ukawa mwekundu na wa moto, akashikwa na homa ya kutetemeka. Binti yake alikuwa amekuja kumjulia hali, akampa vidonge saba kutoka bahasha yenye neno KIDONDA, Kaka akavimeza kwa siku tatu na nusu, akapata nafuu, vikaisha, na siku ya saba, Jumamosi tarehe 4 Januari 2025, alikuwa anaongea maneno yasiyoshikana na mguu unatoa usaha, tukamkimbiza hospitali. Usaha ulipelekwa maabara, ukaoteshwa ili bakteria waliomo wajaribiwe na dawa mbalimbali, na Jumanne tarehe 7 majibu yakaja kwenye karatasi yenye dawa kumi na mbili, tisa kati yake zimeandikwa kwamba haziwawezi.

Daktari wake, binti mdogo ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha kusoma, alikaa kwenye ukingo wa kitanda akatueleza, na mimi kwa kujifanya najua nikasema kumbe mwili wa Kaka umezizoea dawa. Akanisahihisha kwa upole, akasema mwili wake haujazoea kitu, waliozoea ni bakteria, kwamba kila dozi inayoachwa nusu inaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, hao wanazaana, na wakishakuwa sugu hawabaki kwa mtu mmoja, wanahamia kwa wengine. Nikamwuliza kama ni vile vidonge saba vya mwisho vilivyofanya hivyo. Alisema hapana mtu duniani anayeweza kunyooshea kidole kidonge kimoja au siku moja, inawezekana ni miaka yote ile, inawezekana sehemu yao aliwapata kwingine, na kwamba vidonge saba vya Desemba huenda vilikuta kazi imekwisha. Lakini mpwa wangu aliyempa vile vidonge hakuyasikia hayo, alikuwa ameshatoka nje aliposikia habari ya dozi ya nusu, na tangu siku hiyo hakuingia wodini bila kusimama kwanza mlangoni kama mgeni.

Kaka alianzishiwa dawa ya dripu, mojawapo ya zile tatu zilizobaki, dawa nzito kwa figo, akipimwa damu kila siku, na katikati ya Januari aliamka kabisa, akakaa, akaomba miwani, akalikagua shuka alilolalia, akamwita muuguzi akamwambia kwamba fundi aliyeushona mshono ule alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Tulicheka, tukaanza kupanga siku ya kumrudisha. Tarehe 25 homa ikarudi, ikathibitika kwamba bakteria wameingia kwenye damu, figo zikaanza kulegea, na yeye, ambaye ameishi hospitali kuliko madaktari wengi, alielewa kabla hatujaambiwa.

Jumatatu tarehe 27 Januari aliwaomba wote watoke nibaki mimi. Akasema, “Siku ya kunizika utasoma wewe. Usiwaambie watu niliugua kwa muda mfupi, mimi nimeugua miaka arobaini na minne. Waambie habari ya kopo. Na mtoto umwambie palepale mbele ya watu, maana ukimwambia pembeni atadhani unambembeleza.”

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, wifi yangu akiwa amemshika mkono, mkono wenyewe uko wazi hadi kwenye kiwiko, kwa kuwa siku zile za mwisho hakutaka tena kufunikwa. Kopo nimelipeleka mwenyewe kwa mfamasia wa hospitali kesho yake, likateketezwa, na ninawaomba sana, ninyi mlio na makopo yenu juu ya makabati, na najua mnayo, myapeleke, wala msione haya, mimi mwalimu mzima nimeshaona haya kwa niaba yenu.

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari aliyemtibu, ambaye siku ya mwisho hakutoa mkono kwa glavu pale pasipohitaji glavu, nawashukuru wauguzi wa wodi ile waliomgeuza kila baada ya saa mbili, watu wa maabara ambao hatukuwaona sura, wenzake wa chumba cha cherehani waliokuja na shuka jipya ambalo mshono wake umelazwa vizuri mpaka angelisifu, na majirani waliotupikia, wakachota maji, wakakaa nasi bila kuuliza maswali. Namshukuru baba mdogo, ambaye amenivumilia mpaka hapa, na najua aliifuta ile aya ili kunisitiri mimi, si kwa nia mbaya.

Amebaki mmoja wa kushukuriwa. Yuko kule nyuma, karibu na mlango, amekaa kwenye kiti cha wageni tangu asubuhi, hajataka kusogea mbele na ndugu zake. Mama, nitazame mimi shangazi yako. Ulimwosha baba yako miguu wiki tano, ulimpaka mafuta kila baka ukiyazuia machozi yako, na sijakushukuru, nakushukuru sasa hivi mbele ya watu wote hawa. Nilimwuliza baba yako nikwambie nini, akafumba macho, nikadhani amelala, kisha akasema hivi, na nilitoka nje nikayaandika nyuma ya kadi yake ya hospitali ili nisikosee hata neno: “Mwambie chumba changu cha kazi kilikuwa kinatazamana na dirisha la dawa. Miaka yote ile nilisikia wagonjwa wakiambiwa wamalize dozi, wasigawane dawa. Nilijua. Siku ile yeye alitaka twende hospitali, mimi ndiye niliyekataa, mimi ndiye niliyemtuma ashushe kopo. Yeye aliniletea maji tu.”

Umesikia, mama. Hayo si yangu, ni ya baba yako, na maandishi ya kwenye bahasha yalikuwa ya kwangu, kwa hiyo ukitafuta wa kulaumu sisi wawili tupo, wewe humo kwenye orodha. Njoo huku mbele, ukae na mama yako, amekuwekea nafasi tangu asubuhi na kila anayetaka kuikalia anamfukuza. Mpisheni, tafadhali. Ninyi wa kwenye benchi la pili, vuteni miguu, mpisheni apite.

Haya, Kaka. Amesikia, na watu wote wamesikia, na sasa amekaa kwa mama yake. Lala, upumzike kwa amani.